Mlalamikaji Hapatikani

Machi 2

Mvua ya kwanza. Si ya maana, ya kulaza vumbi tu, lakini imetosha kutuonjesha kinachokuja. Maji yaliyozoea kushuka uani kwetu na kuingia kwenye mtaro nyuma ya nyumba hayana tena pa kwenda. Wakati wa kiangazi jirani yetu wa nyuma, mwenye ghala la magodoro, alijenga ukuta. Hakuujenga kando ya mtaro, aliusogeza mpaka ng'ambo. Mtaro wa watu wote sasa uko ndani ya uzio wake, umefukiwa, na juu yake anaegesha gari.

Leo maji yamesimama uani yakifika kwenye vifundo vya miguu. Nimeanua mashuka ya nyumba ya wageni ninayoifulia yakiwa mabichi, nikayatandaza chumbani, juu ya viti, juu ya mlango, mpaka Mama akauliza kama anaishi na binti yake au anaishi hemani. Nyonga yake haimruhusu kutembea bila kushikwa, kwa hiyo kitanda chake nimekiweka dirishani apate kuona watu. Leo ameona maji.

Machi 5

Jumapili. Mdogo wangu na mumewe wamekuja kula. Shemeji anafanya kazi halmashauri, chumba cha kompyuta, na tangu waanzishe huduma za mtandaoni anatembea kama mtu aliyeoa mke wa pili. Nikamwambia habari za ukuta. Nikamwambia kesho nafunga kazi niende nikapange foleni kwenye dirisha la malalamiko.

"Dirisha lipi, shemeji? Lile tumelifunga. Siku hizi unalalamika umekaa kitandani."

Akachukua simu yangu, akafungua ukurasa wa halmashauri. Unataka jina langu kamili, namba ya simu, namba ya kitambulisho, chumba ninachokaa, na picha. Tukatoka wote uani, akapiga picha ukuta na maji.

"Na huyu bwana akijua ni mimi?"

"Atajuaje?" Akanionyesha maandishi madogo chini kabisa. "Soma hapo. Taarifa za mwananchi ni siri na zitalindwa. Ni haki yako hiyo, si hisani."

Mama alikuwa anatusikiliza. Akasema zamani mtu akiwa na neno na jirani yake anakwenda kubisha hodi. Shemeji akacheka. "Mama, ndiyo maana zamani watu walikuwa wanakatana mapanga." Tukacheka wote. Nikabonyeza.

Machi 6

Ujumbe: lalamiko langu limepokelewa, linafanyiwa kazi. Nimemsomea Mama Pacha, fundi cherehani wa chumba cha pili. Ametoka na tepu yake shingoni akanichezea ngoma uani, miguu ndani ya maji. "Dobi umetukomboa!" Kumbuka kwamba yeye ndiye anayemshonea mwenye ghala mifuko ya magodoro. Nikamwambia anyamaze, ukuta una masikio. Akasema, "Huu una mtaro kabisa."

Machi 9

Mvua. Nguo hazikauki. Chumba kizima kinanuka sabuni na ukungu.

Machi 13

Amekuja.

Nilikuwa napiga pasi mlangoni. Nikaona viatu kwanza, vyeusi, safi, vimesimama kwenye tofali tuliloliweka maji yasituingilie. Mwenye ghala mwenyewe, si mtu wake. Akamwamkia Mama kwa adabu, akamuuliza hali ya nyonga. Sijui nani alimwambia kuhusu nyonga.

Kisha akatoa simu akaanza kusoma. Alisoma maneno yangu yote, hata pale nilipoandika kwamba "huyu bwana anajiona yeye ndiye serikali". Alipomaliza akanisomea jina langu kamili, namba ya chumba, namba ya kitambulisho, taratibu kama mwalimu anayeita mahudhurio.

"Ni wewe, dada?"

Nilikuwa nimeishika pasi. Nikasahau kwamba nimeishika juu ya shati la mtu.

"Ungekuja tu," akasema. "Sisi ni majirani. Mambo ya kushtakiana mitandaoni ni ya watoto." Akamuaga Mama, akaondoka akiruka tofali hadi tofali. Hakupaza sauti hata mara moja. Afadhali angepaza.

Shati limeungua kifuani. La mwalimu wa sekondari. Sijui nitamwambia nini.

Machi 14

Nimemfuata Shemeji kwake. Alikuwa anakula. Nikamuuliza yale maandishi madogo yamekwenda wapi.

"Shemeji, mlalamikiwa naye ana haki ya kujibu. Mfumo unampelekea lalamiko."

"Na kitambulisho changu? Kitamsaidia kujibu nini?"

"Unapeleka faili zima. Haujatengenezwa kuchagua."

"Ulikuwa unajua?"

Akamtazama mkewe. Mdogo wangu alikuwa anatazama sahani.

"Mimi mtu wa mitambo tu," akasema. "Sera zinatungwa juu."

Nikaondoka sijanywa hata maji. Njiani nikawa najisemesha peke yangu. Mtu wa mitambo! Kama vile pasi ndiyo iliyoliunguza lile shati.

Machi 17

Simu zimeanza. Ya kwanza nilidhani ni mteja. Akaniuliza kama mimi ndiye dobi, nikasema ndimi, akasema basi nifue mdomo wangu kwanza. Nyingine zinacheka tu. Mmoja alinitajia namba ya chumba changu, akaniuliza kama mlango una komeo au kitasa.

Muuza vipodozi wa barabarani ameninong'oneza kwamba lalamiko langu limewekwa kwenye kundi la simu la wafanyabiashara, na namba juu. "Mimi nimelifuta," akasema. Nikamshukuru. Baadaye nikajiuliza: alilifuta kabla ya kulisoma au baada?

Machi 18

Simu.

Machi 19

Simu. Mvua. Mama ananiuliza mbona siipokei. Nimemwambia ni watu wa matangazo.

Machi 22

Nyumba ya wageni wamechukua mashuka yao. Meneja ameshindwa kunitazama. Amesema wamepata mashine. Wamepata mashine wapi, wale ambao mwezi jana walikuwa wananibembeleza nisubiri malipo? Magodoro yao yanatoka ghalani kwa nani, hilo nililijua siku zote, sikulifikiria.

Jioni Mama Mwenye Nyumba naye kapita. Yeye anaishi mtaa wa juu, maji hayamfikii. Amekaa ukingoni mwa kitanda cha Mama akasifu mapazia, akasema ana mtu anayekihitaji sana hiki chumba, lakini yeye hafukuzi mtu, yeye anapenda amani. Amelirudia neno amani mpaka Mama akamwambia, "Basi umetuletea, mwanangu, sasa kapumzike."

Machi 24

Nimebadilisha laini. Ile ya zamani nimeitoa nikaitupa mtaroni. Yaani pale palipokuwa mtaro.

Wateja wangu wote walikuwa wanaijua namba ile.

Machi 25

Mama Pacha ameihamisha kamba yake. Tulikuwa tunaanika kamba moja, nguo zangu kulia, vitambaa vyake kushoto. Leo asubuhi nimeikuta imefungwa upande wa choo. Nilipomsalimu akaitikia akiwa ameuma pini mdomoni, na pini hizo hakuzitoa.

Simlaumu. Namlaumu. Ana watoto wawili wanaokula kwa ile mifuko ya magodoro. Lakini ile ngoma aliyonichezea, si angeicheza polepole basi.

Machi 28

Halmashauri. Nimekwenda kuomba taarifa zangu ziondolewe kwa mlalamikiwa, au angalau kitambulisho kifichwe. Mapokezi yana kijana wa kike mwenye kucha ndefu na roho nzuri, nasema kweli, alitaka kunisaidia.

"Maombi ya kufuta taarifa ni mtandaoni, mama. Hebu tuingie pamoja."

Tukaingia pamoja. Mfumo ukasema umetuma namba ya siri kwenye simu yangu.

"Ipi?" nikauliza.

"Uliyojiandikishia."

"Ile nimeitupa. Nimeitupa kwa sababu nyinyi mliigawa."

Akafikiri. "Basi tubadilishe namba." Tukabonyeza kubadilisha namba. Mfumo ukasema, ili kubadilisha namba, niingize namba ya siri iliyotumwa kwenye simu ya zamani.

Tukatazamana. Akaanza kucheka, akajizuia, nami nikaanza kucheka, tukacheka mpaka mlinzi akaja kuangalia. Nilipofika nje ndipo machozi yalipobadilika.

Aprili 2

Nimemeza kiburi nimerudi kwa Shemeji. Safari hii nilimkuta barazani, nikakaa chini kama mwombaji.

"Wewe una uwezo wa kufuta. Usinidanganye."

"Ninao," akasema. Hilo nampa, hakudanganya. "Lakini kila tunachokigusa mle ndani kinaandikwa nani amekigusa. Nikifuta bila kibali, jina langu litaonekana."

"Jina lako litaonekana."

"Ndiyo."

"Kwa nani? Kwa mkubwa wako, ofisini, mlango umefungwa. Langu limeonekana kwa mji mzima, shemeji, na mama mkwe wako amelala kwenye chumba hichohicho wanachoniuliza kama kina komeo!"

Mdogo wangu alitoka ndani. Nikadhani atasema neno. Akasema, "Dada, usimpigie kelele mume wangu, majirani wanasikia."

Nilimlea mimi huyu. Nilimfulia sare mpaka alipomaliza shule.

Aprili 5

Mvua usiku na mchana. Nimemwomba Mama Pacha anitazamie Mama nikitoka. Akasema "sawa" bila kunitazama. Sikujua niihesabu kama ndiyo au hapana.

Aprili 7

Nayaandika haya hospitali, kwenye benchi, ili nisije baadaye nikayasimulia vingine.

Jana asubuhi nilikwenda tena halmashauri. Yule kijana wa mapokezi alikuwa amenipatia nafasi ya kuonana na ofisa wa malalamiko, mtu wa kweli, mwenye meza. Nilimkuta anakunywa chai. Akalitafuta lalamiko langu kwenye kompyuta, akaligeuza lile dubwana nisome mwenyewe. Limefungwa. Sababu: mlalamikaji hapatikani kwa simu.

"Mimi niko hapa," nikasema.

"Naona, mama. Lakini kwenye mfumo hupatikani."

"Ukuta je? Ukuta unapatikana? Mlikwenda kuuona?"

"Tunaanza kwa kumpigia mlalamikaji. Asipopatikana, hatuwezi kwenda."

Nikamwambia tuondoke sasa hivi, mguu wangu mguu wako. Akatazama dirishani. Kulikuwa kumeshakuwa kweusi. Akasema, "Kwa mvua hii?"

Ilikuwa imeanza kumwagika. Nikamwacha na chai yake nikakimbia.

Barabara ilikuwa mto. Nilifika mtaani maji yakiwa magotini, uani yakanifika kiunoni, yametulia, ya kahawia, ndoo zangu na kandambili za watoto zikielea juu yake. Upande wa pili wa ukuta kulikuwa kukavu. Niliona kwa geti: gari lake limesimama, matairi makavu.

Mlango wa chumba ulikuwa hautaki kufunguka kwa uzito wa maji. Nikaita Mama. Kimya. Nikasukuma kwa mgongo, nikaingia. Godoro lilikuwa linaelea na Mama hayupo juu yake.

Sauti niliyoitoa sijawahi kuisikia. Nilipiga mbizi kwenye chumba changu mwenyewe nikipapasa chini ya kitanda. Nilishika viatu, nikashika pasi, nikashika kitu laini nikakivuta kwa nguvu zote, kumbe blanketi.

"Dobi! Dobi, tuko huku!"

Mama Pacha alikuwa juu ya ngazi za jengo la kando yetu, amempakata Mama kama mtoto, amemfunika na mifuko ya magodoro, ile ya kazi, mipya, ambayo lazima aikabidhi safi. Alimkuta Mama ameng'ang'ania nondo za dirisha, maji kifuani, haitiki tena. Alimbeba mgongoni. Yeye mwenyewe si mrefu. Akasema, "Nilichelewa. Nilianza na watoto wangu. Nisamehe, nilianza na watoto wangu."

Hata mimi ningeanza na wangu. Ndicho nilichotaka kumwambia, lakini sidhani kama kilitoka. Nilimshika tu miguu.

Aprili 12

Kifua. Daktari anasema maji yameingia kwenye mapafu, na umri nao. Mama anaongea kidogo. Leo ameuliza kama nimeanua nguo.

Aprili 15

Mdogo wangu analala hapa hospitali pamoja nami, zamu kwa zamu. Hatuongei. Tunageuzana Mama ubavu kwa ubavu, mikono yetu inajuana kuliko sisi.

Aprili 17

Mama ametutoka asubuhi.

Aprili 23

Tumezika. Watu walikuwa wengi, wengine ni wale waliohama njia wasinisalimie. Mwenye ghala ameleta magodoro ya wafiwa kulalia, mapya, yana nailoni. Wakubwa wa ukoo wakamshukuru. Nimelala sakafuni.

Shemeji alibeba jeneza mbele kulia. Alilia sana. Nilimtazama akilia nikajaribu kumchukia, nikashindwa, kisha nikajaribu kumsamehe, nikashindwa pia.

Mei 4

Mkutano wa wazi wa halmashauri. Kila mwananchi anaruhusiwa kuuliza. Nilivaa vizuri, nikajipigia pasi mwenyewe.

Nikasimama nikasema mimi ni dobi, mama yangu amekufa kwa maji yaliyozuiwa na ukuta, nililalamika mapema, halmashauri ikampa niliyemlalamikia jina langu, simu yangu na kitambulisho changu, kisha ikalifunga lalamiko kwa sababu nimeikimbia simu hiyo. Nikasema sitaki pole. Nataka ukuta uondoke, na taarifa zangu ziondoke.

Mwenyekiti akasema ni jambo zito, wacha tulione. Akamwashiria mtu wa mitambo.

Shemeji alikuwa ameketi kando, nyuma ya kompyuta. Akabonyeza. Kwenye ukuta mweupe, mkubwa kama mlango wa ghala, likatokea jina langu. Chini yake namba ya kitambulisho. Chini yake chumba.

"Zima," nikasema.

Alinitazama. Kisha akamtazama mwenyekiti.

"Shemeji, zima."

"Hapana, acha," mwenyekiti akasema. "Halmashauri hii haina cha kuficha. Tunataka uwazi."

Mkono wa Shemeji ulikuwa juu ya kitufe. Niliuona. Ulikaa pale muda wote ambao madiwani walikuwa wanasoma kwa sauti ya chini, na watu wa nyuma wananyoosha simu zao kupiga picha. Haukushuka.

Mei 6

Picha zimenifikia kwenye namba mpya. Kwa hiyo na hii wanayo.

Mei 11

Halmashauri imetoa tangazo. Kwanza, mwenye ghala ameagizwa kutoboa ukuta maji yapite. Pili, kuanzia sasa majina ya walalamikaji hayataonyeshwa kwa mlalamikiwa. Kuanzia sasa. Ya zamani yanabaki yalivyo, kwa sababu faili likishafungwa halifunguliwi.

Mdogo wangu alileta habari hizo mwenyewe, pamoja na mkate. Akasema mumewe ndiye aliyependekeza hilo la pili, kwa maandishi, na jina lake chini. "Anasema nikuambie."

"Nimesikia."

"Dada, amejitahidi."

"Nimesikia, mdogo wangu. Mwambie nimesikia."

Akakaa mpaka mkate ukaisha. Alipoondoka akakunja vitambaa vyote vilivyokuwa kitini, kwa mkunjo niliomfundisha mimi.

Mei 16

Tundu limetobolewa. Linapitisha paka, kama paka mwenyewe hajala.

Mei 21

Jioni wamekuja wapangaji wote, wamejaa mlangoni, na Mama Mwenye Nyumba yupo katikati. Kumbe nyufa zimeanza kupanda ukuta wa nyumba yake hii tunayopanga, sasa amani imemshinda. Tundu limeziba, mvua bado ipo, lazima lalamiko jingine lipelekwe.

"Pelekeni," nikasema.

Wakasukumana kwa viwiko. Mwisho fundi viatu akakohoa. "Tulikuwa tunafikiri, dada, ulipeleke wewe."

"Kwa nini mimi?"

"Wewe…" Mama Mwenye Nyumba akamsaidia, kwa sauti ya upole kabisa. "Wewe jina lako si limeshatoka?"

Hawakusema kwa ubaya. Hilo ndilo linalonikera hata ninapoandika. Walisema kama unavyomwambia mtu aliyekwishalowa akachote maji, wengine mna nguo kavu.

Nikawaambia waliosema majina yatafichwa ni halmashauri, si mimi. Nikawaambia mimi nimeshaandika. Kesho saa kumi nitakuwa hapa nimekaa, kila mtu aje na simu yake na jina lake, nitamwonyesha pa kubonyeza. Wakaitikia kwa pamoja, kwa moyo kabisa, wakatawanyika.

Mei 22

Niliazima viti. Saa kumi ikapita. Nikasikia milango, nikasikia redio za watu, nikasikia fundi viatu akifunga mapema.

Alikuja Mama Pacha peke yake. Amevaa gauni lake la kanisani. Mifuko ya magodoro sasa anapewa fundi mwingine tangu siku ile alipoirudisha na matope. Kimebaki kiporo kidogo cha kazi ya ghala, na anajua akibonyeza leo nacho kinakwisha.

Akafungua ukurasa. Alipofika kwenye jina, kidole kikasimama.

"Lote?"

"Lote. Kama la kitambulisho."

"Si wamesema litafichwa?"

"Wamesema."

Nje maji yalikuwa yanatiririka.

"Wewe siku ile uliogopa?"

"Sikuogopa," nikamwambia. "Nilikuwa sijui. Wewe unajua."

Akapangusa kidole kwenye gauni, akaandika jina lake herufi moja moja, akanigeuzia nihakikishe hakulikosea. Hakulikosea. Akabonyeza. Kisha akaomba nisimwache aende chumbani kwake bado, nami sikumwacha.